Jaketi la mvua mlimani: kabla hujasema linavuja

Kambi ya Machame, Kilimanjaro, Aprili, saa kumi na moja jioni. Mvua ilitupokea getini, ikatusindikiza msituni kutwa, na tulipofika kambini kila mtu alikuwa anavua jaketi na kulitazama kwa ndani. Mgeni wetu, mama mmoja wa makamo kutoka Ulaya, alikuwa na jaketi jipya la bei ambayo kwa Moshi unapata nusu ya pikipiki. Mgumu mmoja kijana, kama tunavyowaita wapagazi, msimu wake wa pili mlimani, alikuwa na jaketi la mtumba alilolichagua mwenyewe soko la Memorial, Moshi, kwa shilingi 35,000. Wote wawili walikuwa wamelowa hadi fulana. Mama aliuliza kwa upole kama jaketi lake lina kasoro. Kijana hakuuliza, alisema tu: "Kaka, hapa nimepigwa."

Nikayabeba yote mawili hadi kwenye hema la kulia. La mama nililitandaza juu ya sufuria, upande wa nje ukiwa juu, nikalibonyeza katikati mpaka likafanya kibakuli, nikamimina kikombe cha maji. Chini yake nilikuwa nimetandika karatasi ya chooni. Tukanywa chai. Baada ya robo saa karatasi ilikuwa kavu. Nikafanya vilevile kwa jaketi la kijana, kwanza mgongoni, nako kukawa kavu, kisha begani. Begani karatasi ilianza kuingia doa hata kabla sijaweka kikombe chini. Nilipoligeuza nikaona sababu: ule utepe mwembamba unaofunika mshono kwa ndani ulikuwa umebanduka, urefu wa vidole vitatu hivi. Kitambaa chenyewe kilikuwa kizima.

Lalamiko moja, sababu mbili zisizojuana. Jaketi la kijana lilivuja kweli. La mama halikupitisha hata tone. Maji aliyoyakuta ndani yalitoka mwilini mwake. Katika kupanda kwangu na watu, lalamiko la aina hii ya pili ndilo ninalolisikia zaidi, na ndilo linalowafanya watu walitupe jaketi zima na kwenda kununua jingine la bei kubwa zaidi, ambalo nalo watalilalamikia. Mlimani kulowa si usumbufu tu. Maji huondoa joto mwilini haraka kuliko hewa tulivu, karibu mara 25, na mtu aliyelowa jioni kambini, jua likizama na upepo ukianza, anaweza kuanza kutetemeka, kisha kusema maneno yasiyoeleweka, kisha kunyamaza. Nimeliona hilo kwa mtu mwenye jaketi zuri sana. Ndiyo maana naona ni haki kila anayepanda, mgeni au mgumu, ajue hiki kitu alichovaa kinafanya kazi vipi.

Tuanze na utando. Ndani ya jaketi la kisasa la mvua, katikati ya kitambaa cha nje na cha ndani, kuna ngozi nyembamba sana ambayo huwezi kuiona bila kulichana jaketi. Utando uliojulikana zaidi ulipatikana mwaka 1969 huko Marekani, pale Bob Gore alipokuwa akijaribu kurefusha fimbo za plastiki ya PTFE, ile ile inayopakwa kwenye kikaango kisichoshika chakula. Alikuwa akizipasha moto na kuzivuta taratibu, nazo zinakatika. Siku moja akaivuta moja kwa nguvu, kwa mkupuo. Badala ya kukatika ikarefuka kama mara kumi, ikawa kitu laini chenye matundu yasiyohesabika, sehemu kubwa yake hewa tupu. Kikaitwa Gore-Tex, na kitambaa chake kikaanza kuuzwa mwaka 1976. Kila tundu ni dogo mara maelfu kuliko tone la maji, lakini ni kubwa mara mia kadhaa kuliko chembe ya mvuke. Tone la mvua halipiti, mvuke wa jasho unapita. Leo kampuni nyingi zina tando zao, nyingine za PTFE, nyingine za poliyurethani, plastiki isiyo na matundu kabisa, ambayo hufyonza unyevu upande wa ndani na kuupitisha chembe kwa chembe hadi nje.

Hapo ndipo matangazo mengi yanapoishia, na hapo ndipo watu wanapopotea, maana utando hauko peke yake. Juu yake kuna kitambaa cha nje, mara nyingi nailoni, na nailoni inalowa kama nailoni nyingine yoyote. Kinachoizuia kulowa ni dawa iliyopakwa juu yake kiwandani, ile inayofanya maji yajikusanye kama shanga na kuteremka. Dawa hii inachakaa. Inasuguliwa na mikanda ya begi, inafunikwa na vumbi, jasho na mafuta ya ngozi, na baada ya saa nyingi za mvua mfululizo inashindwa hata ikiwa mpya. Ikishindwa, kitambaa cha nje kinakunywa maji, kinakuwa kizito na cha baridi, rangi yake inakolea mabegani na kwenye viwiko. Bado maji hayajaingia ndani, utando upo. Lakini mvuke wako sasa unakutana na ukuta wa maji upande wa pili, hauna pa kutokea. Unagusa jaketi lililopoa, unageuka matone, na matone yanakurudia. Mtu anapeleka mkono ndani, anakuta maji, anasema linavuja.

Nilimuuliza mama alivaa nini chini ya jaketi. Sweta nene la flisi. Kutoka getini hadi kambi ya kwanza unapanda zaidi ya mita 1,000, ndani ya msitu wenye joto la nyuzi kumi na kitu na hewa iliyojaa unyevu. Alikuwa amefunga zipu hadi kidevuni kwa sababu mvua inanyesha, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Mwili unaopanda kwa bidii unaweza kutoa nusu lita ya jasho kwa saa, wengine lita nzima. Saa tano au sita namna hiyo, na hakuna jaketi lililowahi kutengenezwa ambalo lingemwokoa.

Sasa namba. Kwenye lebo utakuta mbili, ya kwanza milimita, kwa mfano 10,000 au 20,000 au 28,000. Maana yake ni rahisi kuliko inavyoonekana. Maabara hufunga kitambaa chini ya bomba lililosimama wima na kulijaza maji taratibu. Kimo cha maji pale matone yanapoanza kupenya ndicho kinachoandikwa. Siku hizi hutumia mashine ya kusukuma maji, lakini hesabu ni ile ile. Milimita 10,000 ni mita 10. Fikiria simtanki iliyowekwa juu ya mnara wa ghorofa tatu na bomba linaloshuka hadi chini: shinikizo la maji unalolisikia ukiziba bomba hilo kwa kidole ndilo kitambaa hicho kinastahimili.

Je, mlimani unakutana na shinikizo kiasi gani? Chukua begi la kilo 15. Mikanda yake miwili ikikugusa mabegani kwa eneo la sentimita za mraba 200, ni gramu 75 kwa kila sentimita, sawa na kimo cha maji cha milimita 750. Ukipiga goti kwenye theluji iliyolowa, kilo 40 zikilalia sentimita za mraba 40, ni kilo moja kwa sentimita, yaani mita 10 kamili, lakini hilo ni la suruali. Kwa hiyo jaketi la 10,000 likiwa jipya linatosha kwa karibu kila kitu, na tofauti kati ya 20,000 na 28,000 hutaisikia mwilini. Namba kubwa ina faida moja ya kweli: kitambaa kinachakaa, na aliyeanza na akiba kubwa anachelewa kuimaliza. Kulipia zaidi ya hapo ni kulipia karatasi.

Namba ya pili ndiyo inayowachanganya hata wauzaji. Ni gramu za mvuke zinazopita kwenye mita moja ya mraba kwa saa 24. Ukiona 20,000, gawanya kwa 24, unapata zaidi ya gramu 800 kwa saa kwa kila mita ya mraba. Utasema basi, jasho langu lote linaisha. Tatizo ni jinsi inavyopimwa. Kuna njia kadhaa za kupima, na kitambaa kile kile kinaweza kutoa majibu tofauti kabisa kulingana na njia iliyochaguliwa. Katika njia moja ya Kijapani inayopendwa sana na watengenezaji, kitambaa kinaguswa na maji upande mmoja, na upande wa pili kuna chumvi yenye kiu kubwa ya unyevu. Chumvi inavuta kwa nguvu, namba inapanda, hasa kwa tando za poliyurethani zinazopenda maji. Msitu wa Machame mwezi Aprili hauna chumvi yenye kiu. Hewa ya nje imeshiba unyevu tayari. Kwa hiyo usilinganishe namba za kampuni mbili mpaka ujue zilipimwa kwa njia moja. Ukibahatika kukuta kipimo kinachoitwa RET, kifuate hicho, kwa sababu kinapima upinzani: bamba la chuma linalotoa jasho, lenye joto la nyuzi 35 kama ngozi yetu, linafunikwa na kitambaa na kupimwa jinsi mvuke unavyopata shida kutoka. Hapo namba ndogo ndiyo nzuri. Chini ya 6 ni kitambaa kinachopumua vizuri sana, juu ya 20 utajisikia umevaa mfuko wa nailoni.

Hata hivyo mimi nikiwa dukani huangalia kwanza zipu za kwapani kabla ya namba hizo zote. Tundu la sentimita 30 chini ya kila mkono linatoa mvuke kwa kiasi ambacho hakuna utando unaoweza kukifikia, nalo halichakai, halihitaji dawa, na halipimwi maabara. Kila nikiona jaketi la bei kubwa lisilo na zipu hizo, eti ili lipungue gramu 40, naumia. Kwa mkimbiaji sawa. Kwa mtu anayepanda siku sita na begi mgongoni, hapana.

Ukivuka msitu, jaketi lile lile linaanza kazi nyingine. Kadiri unavyopanda, kila mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6. Kambi ya Barafu iko juu ya mita 4,600, na kileleni, mita 5,895, wastani wa mwaka ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Usiku wa kupanda huwa chini zaidi, na upepo juu yake. Kule mvua ya maji ni adimu, kinachoanguka ni theluji kavu, inayoteleza juu ya kitambaa bila kukilowesha. Unachohitaji pale ni kizuizi cha upepo. Lakini jasho halijakoma. Mvuke unatoka mwilini, unapita kwenye flisi na jaketi la manyoya ya ndege, unafika kwenye kitambaa cha nje ambacho kiko chini ya sifuri, na kabla haujapita unaganda. Ukifungua jaketi karibu na Stella Point, ukingoni mwa kreta, kwenye alfajiri ya baridi kali, utakuta ndani kumeota unga mweupe kama wa ndani ya friji. Wageni wengi hawaujui unga huo. Jua likichomoza na wakaanza kushuka haraka, unayeyuka wote kwa mara moja na kulowesha manyoya ya jaketi la ndani, na manyoya yakilowa hayana joto tena. Ninachofanya ni kuwasimamisha kabla jua halijapata nguvu, wafungue jaketi, wageuze upande wa ndani na kuukung'uta. Ni dakika moja tu ya baridi.

Na nyuzi hizo za chini ya sifuri, pamoja na ubaya wake, si mazingira magumu kuliko yote kwa jaketi la mvua. Magumu zaidi ni pale karibu na sifuri. Kwa hilo inafaa kuangalia Uskoti, maana baadhi ya majaketi mazito tunayoyakuta kwenye mabelo ya mitumba yalibuniwa kwa ajili ya majira ya baridi kama ya kule. Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, una mita 1,345 tu. Kilele chake kiko chini kuliko geti letu la Machame. Lakini kituo cha hali ya hewa kilichokaa pale kileleni kuanzia 1883 hadi 1904 kilirekodi wastani wa zaidi ya milimita 4,000 za maji kwa mwaka. Kwenye mlima mwingine wa Uskoti, Cairn Gorm, Machi 1986, upepo ulipimwa ukifika kilomita 278 kwa saa. Mpandaji wa kule wakati wa baridi anaweza kupigwa na mvua, theluji yenye maji na barafu ndani ya saa moja, akiwa ameshika shoka la barafu na kuvaa kofia ngumu. Theluji ya nyuzi sifuri inamgandia begani, inayeyuka kwa joto la mwili wake, inakuwa maji yanayokaa pale pale. Katika milima yetu, kinachofanana na hali hiyo ni Rwenzori, ambako unatembea kwenye matope kwa mabuti ya mpira siku nzima na juu, mita 5,109, kuna barafu. Kinyume chake, kwenye milima ya Alps ya Ulaya katikati ya majira ya baridi, siku ya baridi kavu ya nyuzi 15 chini ya sifuri, jaketi jepesi linakuvusha.

Kwa hiyo swali la kwanza unapochagua ni maji ya namna gani unayoyaendea. Kwa mvua ndefu na theluji yenye maji, tafuta jaketi la tabaka tatu, yaani kitambaa cha nje, utando, na kitambaa chepesi cha ndani, vyote vimegandishwa kuwa kimoja. Lina uzito wa gramu 400 hadi 600, na linavumilia kusuguliwa na begi. Majaketi ya tabaka mbili na nusu, yale ambayo ndani yake kumepakwa tu rangi au vinukta vya kulinda utando, ni mepesi na ya bei nafuu, yanaingia mfukoni, lakini yanashika mwilini ukitoka jasho na mabega yake hayakai miaka mingi. Kama unapanda Kilimanjaro mara moja, Januari au Agosti, hilo linakutosha na usimruhusu mtu akutishe ununue la gharama. Kama mlima ndiyo kazi yako, usilichukue.

Kingine chote ni cha kujaribu ukiwa umelivaa, na dukani watu wanaona aibu kufanya hivyo. Usione aibu. Vaa nguo zote utakazovaa chini yake, kisha jaketi. Inua mikono juu kama unashika mwamba: pindo likipanda juu ya kiuno, maji yataingia hapo. Vaa kofia ya jaketi na ugeuze shingo. Kofia ikibaki inatazama mbele wakati wewe unatazama pembeni, utakuwa unatembea nusu kipofu, na ukiinamisha uso maji yatakuingia shingoni. Kofia nzuri ina waya kwenye ukingo wa mbele na kamba ya kuikaza nyuma. Kama utatumia kofia ngumu, nenda nayo dukani. Vaa glovu zako nene kuliko zote na ujaribu kufungua kila zipu. Mifuko ikiwa chini ya mkanda wa kiuno wa begi, ihesabu kuwa haipo. Zipu zenye mpira unaong'aa kwa nje zinazuia mvua kwa kiasi, si kwa yote. Hakikisha nyuma ya zipu kuu kuna ukanda wa kitambaa wa kupokea maji yanayopenya.

Kisha lijaribu nyumbani, kwa maji yako mwenyewe, wakati bado unaweza kulirudisha. Mwagia matone begani na kwenye viwiko: yakikaa kama shanga dawa ni nzima, yakitambaa na kuacha kivuli imechoka. Fanya ile ya kibakuli na karatasi, na usiishie kitambaa tupu, pitia mishono ya mabega, ya kofia na ya kwapa, ukibonyeza kwa dole gumba. Halafu vaa fulana ya pamba ya kijivu, kwa sababu kijivu kinaonyesha doa la maji kuliko rangi nyingine, vaa jaketi, weka begi lenye mzigo mgongoni, uingie chini ya bomba la bafuni. Kama huna bomba, mtu akumwagie kwa kopo kutoka kwenye ndoo. Dakika kumi, mikono ukiinua na kushusha. Ukivua, doa lenyewe litakwambia: likiwa kwenye kola na mwisho wa mikono ni ufungaji wako, likiwa mstari mwembamba ni mshono, likiwa bapa mgongoni chini ya begi ni kitambaa.

Jaribio ninalolipenda zaidi halina maji kabisa. Siku kavu, vaa jaketi lile lile na begi lile lile, upande ngazi au kilima kwa dakika 20 zipu ikiwa imefungwa. Pima fulana kwenye mizani kabla na baada. Gramu zilizoongezeka ni jasho lililokwama ndani, na hapakuwa na tone la mvua. Rudia siku nyingine zipu za kwapani zikiwa wazi na flisi ikiwa begini. Mtu akishaziona namba hizo mbili kwa macho yake, huhitaji tena kumweleza kwa nini aanze kutembea akisikia baridi kidogo.

Kwa mitumba kuna mengine ya kutazama, na haya nawaambia hasa wagumu wenzangu, kwa sababu ndio wanaotembea kwenye mvua hiyo hiyo na mzigo wa kilo 20 na hawana jaketi la pili. Ligeuze ndani nje kabla hujauliza bei. Pitisha kucha kwenye kila utepe wa mshono; utepe mzima haubanduki. Tazama ndani ya kola, ambako jasho na mafuta ya shingo hukaa: utando ukiwa umeachana na kitambaa utaona mapovu au mikunjo inayotembea ukiisugua. Ndani kukidondosha vipande vyeupe kama mba, au kukinata vidole na kutoa harufu kali ya uchachu, poliyurethani imeoza, na hakuna sabuni wala dawa ya kuirudisha. Liache, hata kama ni jipya kwa nje. Jaketi lililokwajuka rangi lakini tepe zake zimeshika ni bora mara kumi. Na jina kubwa lililodariziwa kifuani bila utepe hata mmoja ndani ni jina tu. Kwa asiye na la kununua, mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, pale Moshi unawaazima mavazi ya mlima bila malipo. Naona kijana wa msimu wa kwanza aende huko kabla hajaenda sokoni.

Kuhusu kufua, wengi wanaogopa kuyafua majaketi haya, wakidhani maji na sabuni vinamaliza dawa. Uchafu ndio unaoimaliza. Fua kwa sabuni ya maji isiyo na dawa ya kulainisha nguo, maana hicho kilainishi kinaacha mabaki yanayovuta maji, kisha suuza mara mbili, hata tatu. Likikauka, lipige pasi ya moto mdogo, kitambaa kikiwa katikati. Joto linaiamsha dawa iliyolala. Nimeona mabega yaliyokuwa yanakunywa maji yakirudi kuteremsha shanga kwa pasi peke yake. Likikataa, ndipo ununue dawa ya kupulizia.

Jambo hili la kufua litazidi kuwa muhimu. Dawa za zamani, na utando wa PTFE wenyewe, ni jamii ya kemikali zinazoitwa PFAS, ambazo nyingi hazivunjiki kwa urahisi zikishaingia kwenye maji na udongo. California ilizipiga marufuku kwenye nguo kuanzia Januari 2025, ikayapa mavazi ya mvua kali nafasi hadi 2028, na kampuni ya Gore ilishaanza mwaka 2022 kutoa utando mwingine usio nazo. Dawa mpya zinafukuza maji vizuri lakini hazifukuzi mafuta kama zile za zamani, kwa hiyo zinachafuka upesi. Mwenye jaketi jipya la leo atalifua mara nyingi kuliko aliyenunua miaka kumi iliyopita. Kwenye mabelo ya mitumba tutaendelea kukutana na zile za zamani kwa muda mrefu bado.

Asubuhi iliyofuata pale Machame tulifanya mambo mawili. Mama alivaa fulana nyembamba moja tu chini ya jaketi, zipu za kwapani wazi, flisi ndani ya mfuko mkavu. Mvua ilinyesha tena hadi karibu na kambi inayofuata, Shira. Alifika amelowa kidogo mgongoni, chini ya begi, na kwingine kote mkavu. Kijana tulimbandikia begani, kwa ndani, selotepu pana ya kijivu baada ya kukausha kitambaa kwenye moto wa jiko, nayo ikashika hadi mwisho wa safari, Mweka. Mjini akanunua gundi ya mpira, akabandika utepe upya na kuuacha umekandamizwa chini ya matofali usiku kucha.

Tulionana tena getini mwezi Juni. Alitoa simu kabla hata ya salamu kwisha, akanionyesha picha ya fulana ya kijivu iliyotandazwa kitandani. Bega kavu. Doa moja dogo kwenye kola.

"Hapo kwenye kola ni mimi, kaka," akasema. "Nilisahau kukaza kamba ya kofia."